Raba haiponyi dirisha lililopinda: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwalimu alinipigia simu kwa sababu ya raba. "Fundi, una raba inayoshika? Hizi nilizobandika zimegoma." Alikuwa amekwisha kubandika ukanda wa sponji wenye gundi mara mbili kuzunguka madirisha ya chumba chake cha kulala, na mara zote mbili hali ilizidi kuharibika. Upepo uliongezeka, magari yakasikika zaidi, na bawa moja likawa halifungi mpaka alivute kwa mikono miwili huku ameegemeza goti ukutani.

Chumba kiko ghorofani, kinatazama barabara. Kina madirisha mawili ya mbao ya zamani, kila moja na mabawa mawili yanayofunguka kwa nje, bawaba pembeni, vioo vya milimita 3 vilivyoshikwa kwa puti. Kila bawa lina urefu wa mita 1.2 na upana wa nusu mita. Jambo la kwanza nililofanya ni kuchoma ncha ya kisu kwenye kona za chini za mabawa na kwenye kizingiti, pale ambapo maji ya mvua hukaa. Kisu hakikuzama. Mbao zilikuwa nzima kabisa, na hilo lilitosha kunifanya nikatae wazo la kung'oa kila kitu na kuweka madirisha mapya. Watu husema dirisha limekufa kumbe limelegea tu.

Alichotaka Mwalimu ni vitu viwili: baridi isimpige shingoni usiku, na alale bila kusikia malori yakishusha gia. Kwake yeye hayo yalikuwa tatizo moja lenye dawa moja. Nami, nikiri, nusu ya kazi niliifanya nikiwa na mawazo hayohayo.

Kupima kabla ya kugusa

Siku ya kwanza sikufungua hata skrubu moja. Nilianza na karatasi. Unakata kipande chembamba, unakiweka kati ya bawa na fremu, unafunga dirisha kama kawaida, halafu unavuta. Karatasi ikigoma, hapo pamebana. Ikiteleza kama barua inayotolewa kwenye bahasha, hapo pana mwanya. Nilizunguka bawa zima hivyo, kila upana wa kiganja, nikiweka alama kwa penseli. Upande wa bawaba karatasi ilibanwa kila mahali. Chini, kona ya upande wa komeo, ilibanwa mpaka ikachanika. Juu, kona ya upande huohuo wa komeo, haikuhitaji kuvutwa: ilidondoka yenyewe.

Karatasi inakuonyesha mwanya ulipo, ila haikwambii una ukubwa gani. Kwa hilo nilitumia udongo laini wa kuchezea watoto. Unafinyanga vidonge vidogo, unavifunga kwa nailoni nyembamba ili visigande kwenye rangi, unavipanga kwenye mkato wa fremu pale bawa linapokalia, kisha unafunga na kukaza komeo. Ukifungua, kila kidonge kimekuwa bapa, na unene wake ndio mwanya wenyewe. Upande wa bawaba nilipata milimita 1. Juu upande wa komeo, milimita 6. Kati ya mabawa mawili pale yanapokutana, milimita 4. Sehemu kubwa ya mzunguko ilikuwa kati ya 1 na 2.

Hapo sababu ya sponji kugoma ilikuwa tayari mezani. Mwalimu alinunua sponji ya milimita 6 kwa sababu mwanya alioweza kuuona kwa macho, ule wa juu, ulikuwa wa milimita 6. Akaubandika ukanda huo mmoja pande zote. Upande wa bawaba, ambako palikuwa na nafasi ya milimita 1 tu, sponji ikawa kama kabari. Kila alipofunga, bawa liligeuka kuwa mtaimbo: sponji inasukuma, bawaba inavuta, na skrubu za bawaba ya juu zikaanza kutoka taratibu ndani ya mbao. Nilizikuta zimechomoza milimita 3. Bawa lililokuwa limeshuka kidogo likashuka zaidi, mwanya wa juu ukapanuka, na ukanda uliokusudiwa kuuziba haukuugusa tena.

Kuna hesabu ninayopenda kuwafanyia wenye nyumba, kwa sababu mwanya wa milimita 2 hauogopeshi mtu. Dirisha moja la hapo lina mzunguko wa mita 4.4, ongeza mita 1.2 za katikati yanapokutana mabawa: jumla mita 5.6 za mwungano. Mwanya wa wastani wa milimita 2 kwa urefu huo ni sentimita za mraba 112. Hilo ni tundu la mraba lenye upande wa sentimita 10 na nusu hivi. Nilimchorea Mwalimu tundu hilo kwenye karatasi, nikalibandika juu ya kioo. Akalitazama kitambo. "Yaani nimekuwa nikilala na shimo hili wazi?" Mawili, Mwalimu. Madirisha ni mawili.

Kwa upande wa kelele tundu hilo lina maana kubwa kuliko kwa upepo. Ni karibu asilimia 1 ya eneo la dirisha zima. Sauti ikipata njia ya wazi ya asilimia 1, dirisha haliwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) hata kioo kingekuwa cha unene wa ukuta. Kioo cha milimita 3 kikikaa barabara kwenye fremu isiyovuja hupunguza karibu desibeli 28. Ukifaulu kupunguza mianya hiyo hadi sehemu moja ya kumi, unafika kwenye 26. Hapo kazi ya raba inakaribia mwisho wake, na kinachobaki kinapita ndani ya kioo chenyewe. (Hesabu hii ni ya mwanya ulionyooka. Mkato wa fremu una kona inayoisumbua sauti kidogo, kwa hiyo hali halisi si mbaya kiasi hicho. Lakini uwiano ndio huo.)

Desibeli 6 ni nyingi au ni chache? Sikio la binadamu huhesabu punguzo la desibeli 10 kama nusu ya kelele, na tofauti ya 3 ndiyo kwanza inaanza kuonekana. Kwa hiyo 6 utaisikia, ila haitakupa ukimya. Nilimweleza Mwalimu mapema. Fundi anayeahidi ukimya kwa mpira wa kubandika anatafuta ugomvi.

Kushuka na kupinda

Kabla ya kushusha mabawa nilihitaji kujua ni yapi yameshuka na ni yapi yamepinda, maana dawa zake ni tofauti. Bawa lililoshuka limebaki bapa, ila limeinama upande wa komeo. Linakwangua kizingiti chini na kuacha nafasi juu. Bawa lililopinda limejinyonga: kona tatu zinakaa kwenye fremu, ya nne inaelea. Kulitambua ni rahisi. Unafunga nyuzi mbili kutoka kona hadi kona, zikikatana katikati. Kwenye bawa lililo bapa nyuzi zinagusana kidogo tu zinapopishana. Kwenye lililopinda, uzi mmoja unausukuma mwingine, au unaukimbia. Nafasi hiyo ya katikati ikiwa milimita 2, kona iliyonyongeka imetoka kwa milimita 4.

Kati ya mabawa manne, mawili yalikuwa yameshuka, moja lilikuwa limepinda kwa milimita 4, na moja lilikuwa zima kabisa. Hilo zima Mwalimu alikuwa amelifanya lisifunge kwa sponji.

Tuliyashusha. Rangi ilikuwa tabaka juu ya tabaka, na pale kwenye mkato wa fremu ilikuwa imejilimbika hadi kufikia unene wa milimita moja na zaidi, huku imevimba kwenye kona. Rangi ya zamani ya namna hiyo siikwangui kavu. Rangi nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa na madini ya risasi ndani yake. Marekani iliipiga marufuku kwa matumizi ya majumbani mwaka 1978, na kwingineko ilichelewa zaidi. Vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Kwa hiyo: kitambaa cha plastiki sakafuni, barakoa ya vumbi laini, maji kwenye chupa ya kunyunyizia, kikwangulio chenye makali, na takataka zote kwenye mfuko uliofungwa. Msasa mkavu na moto wa gesi hapana. Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo iliyonirudishia milimita nyingi kuliko kitu kingine chochote, na haikuhusu raba hata kidogo.

Bawaba zenyewe hazikuwa zimechakaa. Kilichochakaa ni mashimo ya skrubu. Nilitoboa kila shimo lililolegea kwa keekee hadi likawa safi, nikapigilia kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, nikakata usawa, na kesho yake nikafunga skrubu ndefu kidogo kuliko za mwanzo. Njiti za kiberiti na gundi nazo hufanya kazi, nimezitumia mara nyingi, ila si kwa bawa lenye kioo.

Kuna hila moja kuhusu bawa lililoshuka ambayo nashangaa haifahamiki zaidi. Bawa la mbao ni fremu ya pembe nne, na pembe nne peke yake hulegea. Kinachoizuia kulegea ni kioo, endapo kimekabwa vizuri. Unaweka kikabari kidogo chini ya kioo karibu na kona ya bawaba, na kingine juu ya kioo karibu na kona ya komeo. Hapo kioo kinakuwa mkono wa mshazari unaobeba uzito kutoka kona ya juu ya komeo kwenda kwenye bawaba ya chini. Puti ya zamani kwenye mabawa yale mawili ilikuwa imekauka na kupasuka, vioo vinacheza. Nilivitoa, nikasafisha mfuo, nikalaza puti mpya ya mafuta ya kitani na unga wa chaki, nikarudisha vioo na vikabari mahali pake. Bawa moja lilipanda milimita 3 bila kuguswa na randa. Kabla ya hapo kioo kilikuwa kikitetemeka lori linapopita, na tetemeko hilo lenyewe lilikuwa sehemu ya kelele za usiku. Nilibisha kioo kwa kifundo cha kidole kabla na baada ya kazi: kabla kililia kama bati, baadaye kikatoa sauti fupi, iliyokufa.

Lile lililopinda sikulipiga randa. Ukikwangua kona inayogusa ili ile inayoelea ifike, unalipunguza bawa unene na bado limepinda. Nilihamisha bawaba ya chini milimita 2 kuelekea nje, ili nusu ya pindo igawanyike upande wa bawaba ambako haionekani. Milimita 2 zilizobaki upande wa komeo nikaziachia raba.

Komeo ndilo linaloziba

Kama ningeruhusiwa kumpa mtu ushauri mmoja tu kuhusu madirisha ya mbao, ungekuwa huu: hesabu makomeo. Raba ni kitu kinachotaka kubanwa. Isipobanwa ni urembo. Kinachobana ni komeo. Bawa la mita 1.2 lenye komeo moja katikati linabanwa katikati, na ncha zake mbili zinasukumwa nje na raba yenyewe. Kadiri raba inavyokuwa nene ndivyo ncha zinavyotoka. Niliondoa makomeo ya katikati nikaweka mawili kwa kila bawa lenye komeo, moja karibu na juu na lingine karibu na chini, ya aina inayovuta bawa ndani unapogeuza kishikio. Mabawa mengine mawili, yale yanayofungwa kwanza kwa vyuma vya juu na chini, yalihitaji tu vyuma vyake vinyooshwe na matundu yake yasogezwe milimita kadhaa ndani ili vikaze.

Ndipo tukafika kwenye raba. Kufikia wakati huo mianya ilikuwa kati ya milimita 2 na 3 karibu kila mahali, ambayo ni nafasi ya kawaida kwa raba nyembamba yenye tundu ndani. Kanuni yangu ni kwamba raba ibaki kati ya nusu na theluthi mbili ya unene wake ikishabanwa. Ikibanwa kidogo kuliko hapo, upepo mkali utaitoroka. Ikibanwa zaidi, itachoka mapema na kugombana na komeo. Sponji ya bei rahisi haina uti: ikikaa imebanwa msimu mmoja au miwili hubaki bapa na hairudi. Raba ya EPDM (aina ya mpira wa viwandani) au ya silikoni yenye tundu hurudi kwa miaka.

Ubandikaji ulichukua nusu siku, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ambayo haraka huiharibu zaidi. Rangi lazima iwe imekauka kwa kweli, si kavu ya kugusa, maana rangi mbichi hugandana na raba na siku utakayofungua itang'oka pamoja nayo. Unafuta mkato kwa spiriti. Unabandika bila kuvuta raba hata kidogo. Hili nalirudia kwa kila msaidizi ninayemfundisha: ukiinyoosha unapoibandika itaonekana nzuri sana jioni, na asubuhi itakuwa imerudi urefu wake na kuacha pengo la milimita 5 kwenye kila kona. Kona nilizikata kwa pembe ya digrii 45 na kuzigusisha. Upande wa bawaba raba ikae mahali inapokandamizwa, isikae mahali ambapo bawa linaisugua likigeuka, vinginevyo itakunjika baada ya mwezi.

Na kwenye kizingiti cha chini kuna mfereji mdogo wenye vitundu vya kutolea maji. Mfereji huo hauzibwi. Mwalimu, kwa juhudi zake, alikuwa ameujaza silikoni, na maji ya mvua yalikuwa yameanza kusimama ndani ya mkato. Miaka michache zaidi na kisu changu kingezama.

Kwa lile bawa lililopinda, mwanya ulikuwa unabadilika kutoka milimita 1 hadi 3 kwenye upande uleule, na hakuna raba ya dukani inayofuata mwendo huo. Hapo nilitumia njia ya kumwaga raba papo hapo. Unapitisha mstari mzito wa silikoni kwenye mkato wa fremu, unapaka sabuni nzito kwenye bawa pale litakapogusa, unalifunga polepole hadi mahali pake, unaliacha angalau siku nzima. Silikoni inakauka ikiwa na umbo kamili la mwanya. Nilipaka sabuni, ila nilipaka kwa ubahili. Kesho yake bawa halikufunguka. Nilisimama kwenye ngazi robo saa nikipitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki kati ya bawa na silikoni, nikiukata mshono kama mtu anayekata sabuni ya mche, huku Mwalimu akiwa chini ananiuliza kama yote ni sawa. Ilikuwa sawa, mwishowe. Tangu siku hiyo natandika nailoni nyembamba juu ya sabuni.

Pale nilipokosea

Tulifunga madirisha yote mawili jioni, saa ambayo barabara huwa imejaa. Karatasi ilibanwa kila mahali. Kijiti cha udi kilichowashwa na kupitishwa polepole kando ya mwungano wote kilitoa moshi ulionyooka. Mwalimu alisimama katikati ya chumba akasema, "Nawasikia bado." Na kweli. Sauti za watu na honi zilikuwa zimepungua, ila haikuwa tofauti niliyotarajia kwa kazi ile.

Nilichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine nikiipitisha ukutani kuzunguka fremu. Kwenye mwungano wa mabawa, kimya. Kwenye kioo, mngurumo mdogo. Kwenye mbao za urembo, zile zinazofunika mpaka wa fremu na ukuta, barabara nzima iliingia sikioni.

Nilibandua ubao mmoja. Nyuma yake palikuwa na nafasi ya upana wa kidole kati ya fremu na ukuta, kutoka juu hadi chini, na aliyejenga alikuwa ameijaza magazeti yaliyofinyangwa. Magazeti yalikuwa yamekauka na kusinyaa. Pengine hapo mwanzo yalizuia upepo kidogo, sauti hayakuwahi kuizuia. Mbao za urembo zilikuwa zimepakwa rangi vizuri sana na kuonekana zimeshikana na ukuta, nami sikuzigusa kwa sababu zilipendeza. Hilo ni kosa la mtu mwenye uzoefu: mgeni wa kazi angeanza kwa kutilia shaka kila kitu. Mpango sahihi ni kuanzia ukutani kuja katikati: kwanza fremu na ukuta, kisha kioo na puti, kisha bawaba, kisha komeo, na raba mwisho kabisa.

Povu linaloumuka ni jepesi, nami kwa kelele sikulichagua, hata kama linazuia upepo vizuri. Nilishindilia pamba ya madini, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, hadi ikajaa, nikafunga pande zote mbili kwa gundi laini ya kuzibia isiyokauka ikawa ngumu, kisha nikarudisha mbao za urembo. Kazi ya asubuhi moja. Tofauti yake kwa sikio ilizidi ya raba zote tulizobandika.

Baridi isiyo upepo

Wiki mbili baadaye simu ikalia tena. "Fundi, upepo umerudi. Unanipiga palepale, shingoni."

Nilirudi na kijiti cha udi usiku, kukiwa na baridi. Kwenye mwungano, moshi ulisimama. Nilipousogeza mbele ya kioo, sentimita chache, ukaanguka. Ulishuka kando ya kioo kama maji, ukafika kwenye ubao wa dirisha, ukamwagikia upande wa kitanda. Hakuna hewa iliyokuwa ikiingia kutoka nje. Ilikuwa hewa ya chumbani yenyewe: inagusa kioo baridi, inapoa, inakuwa nzito, inashuka, na inakwenda moja kwa moja kwenye shingo ya mtu aliyelala chini ya dirisha. Raba haiwezi kitu hapo. Tulisogeza kitanda, tukaweka pazia zito linalofika chini hadi kwenye ubao wa dirisha. Sehemu iliyobaki ikaingia kwenye mjadala wa kioo cha pili.

Kioo hicho Mwalimu alikuwa tayari anakitaka kwa ajili ya malori. Baada ya mianya kuzibwa, sauti nyembamba zilizopenya kwenye nyufa, yaani maneno ya watu, honi, msuguano wa matairi, zilikuwa zimezama. Mngurumo mzito wa injini haukuzama, kwa sababu huo haupiti kwenye nyufa. Unatikisa kioo chenyewe, na kioo cha milimita 3 ni chepesi: kilo 7.5 tu kwa mita ya mraba.

Wazo lake lilikuwa kuweka vile vioo viwili vilivyogundishwa pamoja na nafasi ya milimita 12 katikati. Kwa baridi ni vizuri. Kwa kelele za barabara nilimkatalia. Vioo viwili vyepesi vikikaribiana hivyo, hewa iliyo katikati inakuwa kama springi, na kwa vioo viwili vya milimita 3 mtikisiko wake wa asili uko karibu na hezi 280 (mitikisiko 280 kwa sekunde), katikati kabisa ya ngurumo za magari. Mahali hapo vioo viwili vinaweza kupitisha zaidi ya kimoja. Tena mabawa ya zamani hayakuchongwa kubeba mzigo huo.

Tuliacha dirisha la nje kama lilivyo, tukaweka lingine kwa ndani, kwenye fremu yake yenyewe, umbali wa sentimita 12 kutoka kioo cha nje. Ukuta ulikuwa mnene wa kutosha, na kwa kuwa mabawa ya nje yanafunguka nje, hayagombani na ya ndani. Kioo cha ndani ni cha milimita 6. Unene tofauti ni makusudi: kila kioo kina sauti moja nyembamba ambayo kinaipitisha kwa urahisi, na vikiwa na unene mmoja vyote viwili vinalegea mahali pamoja. Kwa nafasi ile na uzito ule, mtikisiko wa asili unashuka hadi karibu hezi 77, chini ya sehemu kubwa ya kelele za barabara. Pembeni, kati ya vioo viwili, nilipigilia ubao laini wenye vinyweleo ili sauti isirukeruke mle ndani.

Dirisha la ndani nilifunga raba kwa ukali kuliko la nje. Hewa ya chumbani ina unyevu wa pumzi za mtu aliyelala. Ikipenya hadi kwenye kioo cha nje kilicho baridi itageuka maji, na maji yatakaa juu ya mbao nilizotoka kuzisifu. La nje liachwe lipumue kidogo kuelekea nje.

Kabla sijafunga kazi nilitaka jambo moja kutoka kwake, na hapo sikubembeleza. Kwenye kona ya chumba kulikuwa na jiko la gesi la kupashia joto, lisilo na bomba la kutolea moshi. Kwa miaka yote kile chumba kilichovuja ndicho kilichomlinda. Chumba tulichokwisha kukiziba si mahali pa moto wa aina yoyote. Hewa ya sumu ya kaboni haina harufu, na aliyelala haamki kuisikia. Jiko hilo lilitoka, likaingia la umeme, na kwa hewa safi tukatoboa tundu ukutani upande wa ua, lenye mfuniko na njia iliyopindwa mara mbili ndani ya sanduku lililotandikwa pamba ya madini.

Nilipita tena baada ya msimu mmoja wa mvua. Raba ya chini ya bawa moja ilikuwa imeanza kuachia gundi kwenye kona, nikaibadilisha kipande. Puti ilikuwa imeshika ngozi vizuri chini ya rangi. Mfereji wa kizingiti ulikuwa mkavu. Mwalimu alikuwa na malalamiko mapya: saa ya ukutani chumbani kwake ilikuwa inapiga kelele mno, hakuwahi kuisikia kabla. Ilikuwa saa ileile. Alikuwa amekwisha kuihamishia sebuleni.